Kumtia mtu moyo ni kumdhamini: tumtazame Barnaba kabla ya kuandika "Mungu yupo"

Mzee wa Jumuiya (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeleta uzi huu kwa sababu ya jambo ninaloliona mara kwa mara katika vikundi vyetu vya WhatsApp vya jumuiya, vya kwaya na vya usharika. Mtu anaandika kwamba amesimamishwa kazi, au kwamba mtoto wake amelazwa, na baada ya muda mfupi tu kikundi kimejaa vikaragosi vya mikono ya kusali, "Mungu yupo", "usijali, yatapita", "kazi ya Mungu haina makosa", pamoja na aya iliyonakiliwa kutoka kikundi kingine ikiwa bado na jina la aliyeituma kwanza. Jioni hiyohiyo zinaingia picha za sherehe ya kipaimara, watu wanahamia huko kupongeza, na yule aliyesimamishwa kazi anabaki na lundo la mikono ya kusali na kodi ya nyumba ambayo haijalipwa. Sisemi kwamba maneno hayo ni mabaya. Ninachosema ni kwamba hayakumgharimu aliyeyaandika kitu chochote, na ukiyasoma Maandiko kwa utulivu utaona kwamba faraja isiyomgharimu mfariji ni adimu sana humo.

Mtu ambaye mitume wenyewe walimpa jina kwa sababu ya kipaji hiki ni Yusufu, Mlawi wa Kipro, ambaye sisi tunamjua kama Barnaba, yaani Mwana wa Faraja (Matendo 4:36). Natamani tumsome polepole, kwa maana nadhani tumemzoea bila kumtazama.

Kinachonishangaza kwanza ni kwamba Luka, mwandishi wa Matendo, hakutuandikia hotuba hata moja ambayo Barnaba aliitoa peke yake. Petro ana hotuba, Stefano ana hotuba ndefu, Paulo anazo nyingi, na hata Tertulo, yule msemaji aliyekodiwa kumshitaki Paulo, amepewa mistari yake. Kuhusu Barnaba tunaambiwa kwa kifupi tu kwamba alipofika Antiokia na kuiona neema ya Mungu alifurahi, akawasihi watu waambatane na Bwana. Kule Listra, wenyeji walipodhani kwamba miungu imeshuka katika sura za wanadamu, walimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, kwa sababu Paulo ndiye aliyekuwa mnenaji. Kwa hiyo mtia moyo mkuu wa kanisa la kwanza alikuwa mtu ambaye mgeni akiwatazama wote wawili angesema kwamba ni yule mkimya. Habari hii naipenda sana, hasa ninapowasikia waumini wakijitetea kwamba hawakujaliwa karama ya kuongea.

Sasa tutazame alichokifanya. Sauli wa Tarso, ndiye Paulo wa baadaye, aliyeridhia kuuawa kwa Stefano na aliyekuwa akiwaburuta wanaume na wanawake na kuwatia gerezani, anafika Yerusalemu akitaka kujiunga na wanafunzi, na wote wanamwogopa, wala hawasadiki kwamba ni mwanafunzi (Matendo 9:26). Tuwe wakweli hapa: hofu yao ilikuwa ya haki kabisa. Wengine kati yao walikuwa na ndugu ambao mtu huyo aliwafunga. Kama ningekuwa mzee wa kanisa la Yerusalemu siku ile, ningependekeza asubirishwe kwanza, na sidhani kama kuna mjumbe ambaye angenipinga. Barnaba akamtwaa, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri kwa ushujaa kule Dameski.

Hakumwambia Sauli, "Vumilia, watakuzoea tu." Alikwenda mbele ya watu waliokuwa wakimwamini yeye, akaiweka imani yao hiyo rehani kwa ajili ya mtu ambaye hawakumwamini. Kama Sauli angekuwa mpelelezi, Barnaba angepoteza sifa aliyoijenga tangu siku ile alipouza shamba lake na kuiweka fedha miguuni pa mitume, na huenda watu wangekamatwa kwa sababu yake.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote katika uzi huu. Kumtia mtu moyo, kwa kipimo cha Biblia, ni kumdhamini. Kila mmoja wetu aliyewahi kuwa katika VICOBA au SACCOS, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, anafahamu mdhamini ni nani: ni yule ambaye mkopaji akishindwa, hisa zake ndizo zinazoshikwa.

Na Barnaba hakuishia hapo. Sauli alipopelekwa kwao Tarso kwa usalama wake, ni Barnaba aliyefunga safari kumtafuta, akamleta Antiokia, na wakafundisha pamoja mwaka mzima, mahali ambapo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Mwanzoni Luka anaandika "Barnaba na Sauli". Kabla safari ya kwanza ya kimisionari haijafika mbali, mpangilio unageuka kuwa "Paulo na Barnaba". Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba Barnaba alinung'unika kwa kupitwa na mtu aliyemwinua mwenyewe. Wale waliowahi kuwafundisha vijana wa kwaya hadi vijana hao wakawa waalimu wa kwaya wanajua kwamba jambo hilo si dogo.

Baadaye ikaja habari ya Yohana Marko, ambaye aliwaacha kule Perge ya Pamfilia akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipopangwa, Paulo hakutaka kumsikia kijana aliyewahi kuiacha kazi njiani, Barnaba akashikilia kwamba aende, na mashindano yao yakawa makali hata wakatengana. Barnaba akamchukua Marko, wakatweka kwenda Kipro. Miaka kadhaa ikapita, na katika waraka wa pili kwa Timotheo tunamsikia Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni, akiagiza aletewe Marko, "maana anifaa kwa utumishi". Marko huyo ndiye ambaye mapokeo ya Kanisa tangu zamani yamemtaja kuwa mwandishi wa Injili ya pili. Kwa kadiri ninavyoliona mimi, bila mtu mmoja mwenye ukaidi wa kumdhamini kijana aliyeanguka mara ya kwanza, kijana yule angebaki kuwa mfano wa kuonyea wengine.

Na Paulo mwenyewe alijifunza. Anapomrudisha Onesimo, mtumwa aliyemkimbia bwana wake, anamwandikia Filemoni kwamba kama mtu huyu amemdhulumu au anadaiwa naye chochote, deni hilo liandikwe juu yake, kisha anaongeza kwamba ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "mimi nitalipa." Aliyewahi kudhaminiwa sasa anadhamini, tena kwa lugha ya daftari la madeni.

Niseme pia la karibu, nililolishuhudia. Katika jumuiya yetu yupo mama lishe aliyekuwa akiuza chapati na maharage karibu na stendi. Mume wake aliugua kwa muda mrefu, mtaji wote ukaenda hospitali, na akaacha kuja kwenye sala za Jumamosi asubuhi kwa sababu, kama alivyotueleza baadaye, hakuwa na sadaka ya kutoa wala kitambaa cha heshima cha kuvaa. Tulimwombea kila Jumamosi. Kisha mama mmoja fundi cherehani, mtu wa maneno machache sana, alifuatana naye hadi duka la jumla, akamwambia mwenye duka ampe mfuko wa unga na mafuta kwa mkopo, na kwamba asipolipa adaiwe yeye fundi. Mwenye duka aliandika majina mawili kwenye daftari lake, la mama lishe juu na la fundi chini yake. Deni lile lililipwa kwa kuchelewa, na sehemu yake fundi aliilipa kwa fedha ya sare za shule alizokuwa amezishona. Mama lishe anasema kilichomfanya aamke kesho yake alfajiri akawashe jiko ni lile jina la chini, kwa kuwa hakutaka limuumbue mwenzake.

Karibuni tujadili, hasa wale mnaoona kwamba nimevuta mambo kupita kiasi.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo, mzee. Nashukuru kwa uzi huu, na ninaomba nichangie kutoka wodini, ambako tunayaona mengi.

Wageni wa kanisa wanakuja kwa wingi saa ya kutazama wagonjwa, na kuja kwao ni jambo jema, kwa maana mgonjwa asiye na mtu huonekana mara moja hata kwa jinsi shuka lake lilivyokaa. Hata hivyo, mara nyingi wanasimama kumi au zaidi kuzunguka kitanda kimoja, wanaimba, wanaomba kwa sauti kubwa, mgonjwa anajilazimisha kutabasamu na kuitikia, na wakiondoka tunampima na kumkuta amechoka kuliko alivyokuwa asubuhi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye labda ni Mwislamu au labda amefiwa usiku huo, hajaulizwa kama angependa kusikia mapambio.

Lakini linaloniumiza zaidi ni maneno yanayosemwa kwa mama ambaye mimba yake imeharibika. "Utapata mwingine." "Mungu alimpenda zaidi." "Pengine angezaliwa na matatizo." Nimewaona akina mama wakigeukia ukutani waliposikia maneno hayo, na msemaji akadhani kwamba wanasinzia. Rafiki zake Ayubu wanalaumiwa sana, ila watu husahau kwamba walianza vizuri: walikaa naye chini kwa siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona ya kwamba mateso yake ni makuu mno. Walipofungua vinywa kumweleza sababu za msiba wake ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu mwenyewe aliwakasirikia kwa yale waliyoyasema.

Anayemfariji mgonjwa kweli, kwa jinsi ninavyoona kazini, ni yule anayefika peke yake na chupa ya uji, akauliza mgonjwa amekula nini, akakaa kwenye stuli bila kutazama simu, akachukua nguo chafu kwenda kuzifua na kuzirudisha kesho. Akitaka kuomba, anauliza kwanza, kisha anaomba kwa sauti ya kumtosha mtu mmoja. Warumi 12:15 inatuambia tufurahi pamoja nao wafurahio na tulie pamoja nao waliao, wala haituagizi tuwaeleze waliao kwa nini wasilie.

Msomaji wa Mithali

Mzee wangu, heshima yako. Hoja yako ni nzuri kusikia, ila naona ina shimo mbili.

Kwanza, kitabu cha Mithali kinaonya waziwazi juu ya dhamana. Sura ya 6 inamwambia mwana aliyemdhamini jirani yake kwamba amenaswa kwa maneno ya kinywa chake, aende akajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji, asiwape macho yake usingizi. Sura ya 11 inasema anayemdhamini mgeni ataumia. Nimeona nyumba ya muumini mwema ikipigwa mnada kwa sababu alimdhamini "ndugu katika Bwana" aliyehamia mkoa mwingine. Je, tumfundishe nani tena jambo hilo?

Pili, unalidharau neno. Mithali hiyohiyo, 12:25, inasema kwamba uzito moyoni humwinamisha mtu, bali neno jema humfurahisha. Wapo watu ambao hawana shamba la kuuza wala hisa za kushikwa. Bibi yangu hakuwa na kitu, lakini neno lake moja liliniweka shuleni mwaka mzima. Ukisema faraja isiyo na gharama si faraja, umewafungia nje maskini.

Mzee wa Jumuiya (mleta uzi)

Muuguzi, marahaba. Hilo la mgonjwa wa kitanda cha jirani nitalipeleka kwenye kikao chetu, kwa sababu zamu ya kutembelea hospitali ni yetu mwezi huu.

Msomaji wa Mithali, umeuliza vizuri, nami nitajibu moja baada ya jingine. Ukiisoma Mithali 6 utaona kwamba anayeonywa ni mtu aliyepeana mkono kwa haraka, akanaswa na maneno yake, na sura ya 11 inamtaja mgeni, yaani mtu usiyemfahamu. Barnaba hakumdhamini mgeni. Alipofika kwa mitume alikuwa na habari kamili: alijua kilichotokea njiani, alijua kilichohubiriwa Dameski. Hayo hakuyaota, ama aliketi na Sauli akamsikiliza hadi mwisho, ama aliulizia kwa waliomwona huko, na huenda alifanya yote mawili wakati wengine walipokuwa wakimkwepa. Nyumba ile iliyopigwa mnada nasikitika nayo, na ningemshauri kila mtu asiweke hati ya nyumba ya watoto wake kwa ajili ya mtu ambaye hajui hata anakoishi.

Kumfahamu mtu ndiko kunakotushinda siku hizi. Usharika au parokia ya maelfu ya watu haiwezi kujua nani hajala tangu jana. Maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu waliliona hilo mapema, na katika mikutano ya AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, ya mwaka 1973 na 1976 waliamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa, watu wa mtaa mmoja wanaojuana kwa majina na kwa shida zao. Sisi Walutheri nasi tunazo jumuiya zetu, na ingawa nyingine zimegeuka kuwa vituo vya kukusanyia michango, muundo wenyewe bado upo na unaweza kutumika kwa kazi iliyokusudiwa.

Kuhusu neno, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Ila ninakuuliza juu ya bibi yako: je, lile neno halikumgharimu? Mtu asiye na kitu akikuambia mbele ya ukoo kwamba utasoma na utamaliza, naye anajua ukifeli ni yeye atakayechekwa, huyo amekudhamini kwa kitu pekee alichonacho. Maskini hawajafungiwa nje. Pengine ndio wanaoifanya kazi hii vizuri kuliko sisi wenye mishahara. Yakobo anamshutumu mtu anayemwambia mwenye uchi na njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, lakini asimpe mahitaji ya mwili. Maneno yale ni mazuri, na kosa lake ni kwamba msemaji alikuwa na namna ya kusaidia, akayatumia maneno ili apate kuondoka.

Kijana wa Nakuru

Bwana asifiwe wote. Mimi ni Mkenya, na ningependa kuongeza jambo kuhusu sisi vijana tuliomaliza chuo na kukaa nyumbani bila kazi.

Nilipofika mahali ambapo sikuweza kuamka kitandani wala kuoga, niliambiwa kanisani kwamba nina roho ya kukata tamaa na kwamba nifunge chakula kwa siku kadhaa. Nilikuwa tayari sili. Baadaye, kwenye zahanati, daktari aliniambia kwamba ni sonona na akanianzishia matibabu, na siku hiyo nililia kwa furaha kwa sababu shida yangu ilikuwa na jina ambalo halikuwa dhambi.

Tangu hapo nimeisoma sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza mara nyingi. Eliya anakaa chini ya mretemu jangwani, anaomba afe, analala. Malaika anamgusa, anamwambia ainuke ale, na hapo kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula, akisema kwamba safari ni kubwa mno kwake. Hakuna kemeo lolote katika mistari hiyo. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja baada ya milo miwili, usingizi na safari ya siku arobaini, na hata baada ya swali hilo Mungu anampa kazi ya kufanya na mtu wa kufanya naye, Elisha.

Mzee mmoja wa kanisa letu aliniita kwake, tukala githeri, akazisoma barua zangu za maombi ya kazi mstari kwa mstari, kisha akaniruhusu niandike jina lake na nambari yake ya simu pale ambapo mwajiri huulizia habari za mwombaji. Wawili walimpigia. Mmoja aliniajiri, kwa mshahara mdogo, lakini ni kazi. Nilipousoma uzi huu nikaona kwamba nilikuwa nimedhaminiwa bila kujua neno la kuliitia.

Mama wa Dodoma

Shalom. Mimi nina swali gumu kidogo. Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kukimbiliwa: mwenye njaa anakuja kwangu, mwenye ugomvi wa ndoa anakuja kwangu, mwenye mtoto aliyefukuzwa kwa ada anakuja kwangu. Wengine wamenigeuza benki. Yupo mmoja ambaye nimemlipia deni la pombe mara tatu, na kila mara analia na kutaja jina la Yesu. Mume wangu anasema ninamlea. Ninaogopa kukataa kwa sababu nitaitwa Mkristo wa midomo. Je, Barnaba alikuwa na mipaka?

Mzee wa Jumuiya (mleta uzi)

Kijana wa Nakuru, Mungu akutunze, na uendelee na matibabu hadi daktari mwenyewe atakapokuambia vinginevyo.

Mama yangu wa Dodoma, swali lako limenipeleka kwenye aya ambayo wanaompenda Barnaba hawapendi kuisoma, nayo ni Wagalatia 2:13. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa kule Antiokia, wakafika watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga kwa kuwaogopa, na Wayahudi wengine wakafuata, hata Barnaba naye akachukuliwa na unafiki wao. Paulo anaandika kama mtu aliyeumia kwamba hata Barnaba, ambaye wageni wote wa Antiokia walimtegemea, alinyanyuka mezani. Mimi naona kwamba huu ndio ugonjwa wa watu wenye kipaji chako: wanapenda kila mtu aridhike nao, na siku moja wanashindwa kusema hapana mahali ambapo hapana ilitakiwa. Kwa hiyo jibu ni kwamba mipaka ilimshinda Barnaba walau mara moja, na walioumia ni wale dhaifu aliokuwa akiwasimamia.

Paulo anatupa dawa katika 1 Wathesalonike 5:14, na ni dawa ya aina tatu kwa watu watatu tofauti: waonyeni wale wasiokaa kwa utaratibu, watieni moyo walio dhaifu, watieni nguvu wanyonge. Kisha uvumilivu kwa wote. Huyo wa pombe ni wa fungu la kwanza, nawe umekuwa ukimhudumia kama wa fungu la tatu. Ukimlipia deni mara ya nne, unamdhamini mwenye baa. Mdhamini yeye kwa njia nyingine: mwambie utafuatana naye kwenda kutibiwa, utakaa naye kwenye benchi hadi aitwe, na kwamba fedha haitapita mkononi mwake. Akikataa, mlango wako wa chakula ubaki wazi na mkoba ufungwe. Na mumeo msikilize. Anayekuona kila siku anajua ni lini unatoa kwa upendo na ni lini unatoa kwa hofu.

Katibu wa Vijana

Wazee wangu, nina jambo linalohitaji jibu kabla ya Jumapili. Kijana mmoja wa mtaa wetu ametoka gerezani baada ya kutumikia kifungo cha wizi. Alikuwa mpiga kinanda wetu. Ametuma ujumbe kwamba angependa kurudi kanisani, lakini hajui atakaa wapi. Waliokuwa wakiibiwa ni majirani, na baadhi yao ni waumini wa usharika huuhuu. Mchungaji yuko safarini. Nifanye nini?

Mzee wa Jumuiya (mleta uzi)

Mwanangu, kwanza mpigie mchungaji leo, kwa sababu utaratibu wa kumrudisha mtu kundini ni wake na wa baraza la wazee, wala usiuvuke hata kama moyo wako unawaka. Lakini kuja ibadani hakuhitaji kibali cha mtu.

Wewe mwenyewe nenda nyumbani kwao Jumamosi jioni. Msikilize kama ambavyo nadhani Barnaba alimsikiliza Sauli, hadi umalize kujua ni nini kilichotokea na ni kipi anachokitaka, bila kumwekea maneno ya ushuhuda mdomoni. Kisha watembelee wale walioibiwa, mmoja mmoja, uwaambie atakuja na kwamba atakaa karibu nawe. Usiwaombe wasamehe siku hiyo. Waombe tu wasishangae. Wapo watakaokujibu kwa ukali, na ukali huo wana haki nao, kwa hiyo upokee bila kujitetea, kwa maana walioibiwa nao ni watu wa kutiwa moyo, na mara nyingi tunawasahau kwa haraka yetu ya kumshangilia aliyetubu. Kama kijana yuko tayari kurudisha kidogokidogo thamani ya alichochukua, fuatana naye kwenda kusema hivyo, na mwandike mapatano hayo kwenye karatasi mbele ya mjumbe wa mtaa au mzee mnayemwamini wote.

Jumapili mpitie kwao, mwingie pamoja mlangoni, mkae benchi moja, si la mbele wala la mwisho kabisa. Asiitwe mbele, asiombwe kusema neno, na mshereheshaji wenu mwenye shauku mwambieni mapema asimtangaze. Kinanda asikiguse kwanza, hata kama kwaya inamhitaji. Siku ya kukigusa itaamuliwa na baraza. Baada ya ibada mpe kazi ya kupanga viti na kufunga vyombo pamoja na wenzake, na baada ya wiki kadhaa, ukiona anafika kwa wakati, mpe funguo za stoo, huku ukiwa umewaambia wazee kwamba kitu kikipotea utakilipa wewe. Za sanduku la sadaka ziendelee kukaa kwa mtunza hazina, kwa sababu si vizuri kumpa mtu mtihani mkubwa kabla hajamaliza mdogo, na wala hizo sadaka si mali yako ya kuwekea rehani.

Katibu wa Vijana

Nimekuelewa, mzee. Mchungaji amepokea simu na ameridhia. Naelekea kwao sasa. Nitarudi hapa Jumapili jioni kuwapa mrejesho.